Titi la Kulia

Darasa la wajawazito lilifanyika kwenye chumba cha chanjo, kwa sababu chumba kingine kilikuwa na viti vibovu. Nesi alikuwa na titi la kufundishia alilolitengeneza mwenyewe kwa soksi ya kahawia iliyojazwa pamba, na chuchu yake ilikuwa kifungo cha koti. Aliwaonyesha wanawake namna ya kuyaandaa matiti kabla mtoto hajaja. Msiyasugue kwa sabuni, alisema, ngozi ya pale ina mafuta yake na mafuta hayo yana kazi. Msivute chuchu kwa taulo mkidhani mnazikomaza. Maji yanatosha, na kujifuta taratibu, na sidiria pana isiyobana. Yakidondoka matone mazito ya manjano, hiyo ni dang'a, msiikamue wala msiiogope, iacheni ikauke yenyewe.

Mwanamke aliyeketi benchi la nyuma alikuwa akiutazama mshono wa lile titi la soksi, uliofumuka ubavuni hadi pamba ikawa inachungulia. Yeye alikuwa mshonaji wa mapazia. Wanawake wa umri wake mtaani waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama huyu na Mama yule, lakini mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki siku ileile aliyozaliwa, kabla hajapewa jina, basi yeye akabaki kuitwa Fundi.

Nesi alipouliza kama kuna mwenye swali, Fundi alisema mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kuvaa sidiria ya kubana, na juu yake ajifunge kitambaa. Alimfunga hivyo baada ya ule msiba, ili maziwa yakauke, na tangu hapo hakuambiwa aache. Nesi alimtazama kwa juu ya miwani, akamuuliza ni kwa sababu gani anafungwa hadi leo. Fundi akajibu kwamba hajui. Nesi akamwambia afungue.

Alipofika nyumbani alifungua. Kitambaa kile alikikata vipande vya kufutia mafuta ya cherehani, kisha akajishonea sidiria pana kwa mabaki ya pazia lenye maua.

Asubuhi yake titi la kulia lilikuwa limegeuka. La kushoto lilitazama mbele kama kawaida. La kulia lilielekea ubavuni, upande wa dirisha la nyuma, na chuchu ilikuwa imekaza kama mtu anayesikiliza jambo. Fundi alilirudisha kwa kiganja. Likatulia kidogo, likageuka tena. Alidhani amelala vibaya, akaketi kwenye mashine akaendelea na mapazia ya meneja mmoja wa benki.

Kadiri asubuhi ilivyosonga titi liliacha dirisha la nyuma, likazunguka polepole mpaka likaelekea mlangoni, likakaa hapo. Mchana lilirudi njia ileile hadi dirishani. Kesho yake na siku zilizofuata likafanya vivyo hivyo, isipokuwa siku za mapumziko ya wiki, ambapo lilikaa dirishani kutwa nzima. Fundi alikuwa mtu wa vipimo, maisha yake yote yalipita akipima madirisha ya watu. Alisimama nyuma ya cherehani akanyoosha mkono pale titi linapoelekea. Mkono ulivuka dirisha, ukavuka ukuta wa jirani na mapaa ya soko. Nyuma ya soko aliishi wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Aliolewa mapema, akakaa miaka mingi bila mtoto. Kipindi kilekile Fundi alipofiwa, wifi alisafiri na mumewe kwenda kwao mume, mbali, akarudi na kichanga cha kike. Alisema ni mtoto wa binamu wa mumewe aliyefariki kwa uzazi, kwa hiyo wamempokea wamlee. Watu walimpongeza na kuanza kumwita Mama Bibie, kwa sababu mtoto alipoanza kutembea alitembea mikono nyuma kama mtu mzima na kuuliza wageni kama wameshakula. Fundi alimshonea Bibie chandarua cha kitanda. Hakuwahi kumbeba akiwa mchanga. Kila alipotaka kumbeba mama mkwe alimwahi, akisema, wewe bado una uchungu, mwanangu, usijiumize.

Sasa Bibie alikuwa chekechea, na chekechea ilikuwa upande wa mlangoni. Na tangu mimba ya Fundi ijulikane, wifi hakuwa akija naye tena. Mara mafua, mara mtoto amechoka, mara viatu vinambana. Fundi alikuwa amezipokea sababu hizo moja moja kama zilivyoletwa. Alipozipanga pamoja alianza kuzitilia shaka.

Mama mkwe aliligundua titi wakati wa chakula. Alilitazama, akalitazama dirisha la nyuma, akaendelea kula. Siku iliyofuata alileta kitambaa kipya, kizito, kilichopindwa kingo.

"Jifunge, mwanangu," alisema. "Titi likiachwa huru linazoea vibaya."

Fundi alishukuru akakiweka chini ya rundo la vitambaa vya wateja. Alipobaki peke yake alikipima. Upindo ulishonwa haraka haraka, lakini urefu ulikuwa sawasawa na kifua chake cha sasa, cha mimba, wala hapakuwa na mtu aliyekuja kumpima.

Mumewe alikuwa msoma mita za maji. Kazi hiyo ilimfundisha kuingia nyumba za watu, kutazama kitu kimoja tu na kutoka bila kuona vingine. Kitandani alikuwa na kawaida ya kulala kulia kwa mkewe. Wiki ile alihamia kushoto, akasema upande wa kulia una joto.

Siku moja Fundi alipeleka mapazia kwa mteja karibu na chekechea, akapita kando ya uzio wake. Kadiri alivyosogea titi lilinyooka, hadi likaisukuma sidiria mbele. Watoto walitoka kucheza. Titi likamfuata mmoja tu, akienda kwenye bembea linaenda, akirudi kwenye bomba linarudi. Bibie akajikwaa, akaanguka, akalia, na hapohapo maziwa yakatoka. Haikuwa dang'a. Yalikuwa maziwa meupe, kamili, kama ya mwanamke aliyejifungua siku nyingi, yakalowesha gauni mpaka kiunoni. Mlinzi wa lango alimsogezea kiti na kumpa gazeti ajikinge, akarudi kwenye redio yake.

Bibie alinyamaza, akajipangusa magoti, akaja kwenye uzio.

"Shikamoo anti. Umelowa."

"Marahaba. Ni maji tu."

"Maji hayanukii hivi," Bibie alisema, akasimama pale akinusa, mikono nyuma.

Fundi alimtazama masikio. Alikuwa ameyaona mara nyingi, yale masikio yaliyochongoka juu na kukunjika kidogo, bila kuyafikiria. Yalikuwa masikio ya msoma mita. Na mtoto huyu ilisemwa ametoka ukoo wa mume wa wifi, watu wasiochangia na msoma mita hata tone la damu.

Alirudi kliniki siku ambayo haikuwa ya darasa. Nesi alimlaza akamkagua. Alisema la kushoto liko vizuri, limetulia, linasubiri wakati wake. Kisha akaliinamia la kulia, akafuata uelekeo wake hadi ukutani.

"Hili linaangalia wapi, mama?"

"Kwa wifi yangu."

"Una mtoto huko?"

"Sina mtoto popote. Wa kwanza alizikwa."

"Ulimwona?"

Fundi alisema alikuwa amelazwa kwa dawa kwa sababu ya upasuaji. Alipozinduka mama mkwe alikuwa ameketi kando ya kitanda, wakamwambia mazishi yameshafanyika ili asije akaumia zaidi kwa kuona.

Nesi alinawa mikono bila haraka. Alisimulia kwamba aliwahi kumhudumia mama mmoja ambaye titi lake lilielekea gereza kwa muda mrefu mpaka mwanawe akaachiwa, na mwingine ambaye lake lilielekea chini, ardhini, na huyo alikuwa amefiwa kweli. Lako lingetazama chini, alisema. Halafu akamwambia aendelee kuoga kwa maji matupu na kuvaa sidiria pana.

Jioni Fundi alimkuta mumewe uani akijiosha miguu vumbi la kutwa. Alisimama karibu na bomba.

"Bibie ni wangu?"

Msoma mita aliosha mguu mmoja akaumaliza, akaanza wa pili.

"Nilikuwa nataka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Ukishapata mwingine."

Yaliyobaki aliyaeleza kwa sauti ya mtu anayesoma namba. Mtoto alizaliwa mzima, alilia vizuri. Dada yake alikuwepo hospitali siku ile, amekonda kwa mawazo, kwani mumewe alikuwa ameshamwambia kwamba asipopata mtoto atafute pa kwenda. Mama akasema huyu wetu bado msichana, ana tumbo zuri, atazaa wengine. Mkuu wa wodi alikuwa rafiki wa mama tangu zamani. Yeye msoma mita alikuwa ametumwa kununua glavu, na aliporudi nazo jambo lilikuwa limeshakubaliwa, mtoto ameshafungwa kwenye kanga ya dada yake. Fundi akamuuliza walichozika. Alisema walizika shuka. Fundi alikumbuka kwamba mumewe alirudi kutoka makaburini macho yamevimba, akamuuliza kuhusu hilo pia. Msoma mita akasema alilia kweli.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama mkwe. Chai ilitengwa. Fundi aliigeuza geuza kwenye kikombe na hakuinywa. Wifi aliketi karibu na mlango, hakuja na Bibie. Titi la kulia lilimpita begani kana kwamba hayupo, likaelekea nyuma ya soko, ambako mtoto aliachwa kwa jirani.

Mama mkwe alizungumza kwanza, kwa upole, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda posta. Alisema hakuna aliyeibiwa. Kuibiwa ni mtoto kwenda kwa watu baki, na huyu hajatoka ndani ya ukoo. Analala hapo nyuma, anakula, anasoma, Fundi anamwona. Baba yake anamwita mjomba, shangazi yake anamwita mama, ni maneno tu, damu haijahama. Isitoshe kumwambia sasa kutamvuruga.

Wifi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ukimchukua," alisema, "mimi nitaitwa nani?"

"Miaka yote hii mimi naitwa Fundi," alijibu Fundi.

Mama mkwe alimwongezea binti yake chai. Kisha, kwa sauti ileile, akahamia kwenye uzazi unaokuja. Alisema ameshaongea na mkuu wa wodi, kitanda kipo, hospitali ni ileile wanayoijua, na safari hii wifi mtu atakaa naye usiku na mchana asipate upweke. Fundi alimgeukia wifi. Machozi yalikuwa yamekauka. Wifi alikuwa akilitazama tumbo.

Fundi alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho. Aliomba aone titi likigeuka, Fundi akalirudisha mbele kwa kiganja, juu ya nguo, na likageuka mbele yake. Ofisa alitikisa kichwa kukubali. Alisema ushahidi wa namna hiyo wanaupokea, lakini una mipaka yake. Titi linaweza kuonyesha mtoto yuko wapi, haliwezi kuonyesha ni wa nani. Zaidi ya hayo, mtoto anayedaiwa ameshafariki kwa mujibu wa hospitali, na ofisi hairudishi marehemu. Labda waliothibitisha kifo waje wenyewe waseme walikosea. Fundi akauliza kama ofisi inaweza kuwaita. Ofisa akasema mkuu wa wodi ni mtu mwenye kazi nyingi, akamfungulia mlango kwa heshima.

Basi akaanza kulinda kilichobaki. Aliacha kula chakula ambacho hakukipika. Nguo za mtoto alizishona mchana mlango ukiwa umefungwa, akazificha ndani ya mapazia ya wateja. Mama mkwe alipomuuliza hali, alisema mtoto bado mdogo, siku bado. Alifuata mafundisho ya nesi yote, la kushoto akilitunza kama alivyofundishwa, na lilipoanza kutoa matone ya manjano aliyaacha yakauke. La kulia aliliacha lifanye linavyotaka.

Uchungu ulipomshika alikuwa akipiga pasi. Alizima pasi, akamwambia mama mkwe anapeleka pazia kwa mteja, akatoka na furushi mkononi. Alijifungulia kliniki, kwa nesi, hakukubali kupewa kitu chochote cha kumlaza. Aliomba mtoto awekwe kifuani kabla ya kufutwa. Akawekwa. Alikuwa wa kiume, ana kelele, na Fundi alimshika mguu asiuachie hata nesi alipotaka kumpima uzito, ikabidi apimwe mama akiwa ameshika mguu.

Titi la kushoto lilimpokea vizuri, dang'a ilikuwepo tele. La kulia lilimkataa. Kila alipowekwa lilijivuta pembeni, na mtoto akanyonya hewa. Nesi alisema halina ubaya naye, lina shughuli nyingine, na moja linatosha. Lilitosha. Mtoto alinenepa hadi akawa na pingili mikononi.

Mama mkwe alinuna kwa kuzalia kliniki, kisha akazoea. Alipoona maziwa ya kulia yanakamuliwa na kumwagwa kila Bibie anapolia huko aliko, alisema ni dhambi kumwaga chakula cha mtoto. Akapanga utaratibu. Tangu hapo msoma mita akitoka kazini huchukua kikombe kilichofunikwa kisahani, hukipeleka nyuma ya soko akitembea taratibu kisimwagike. Bibie huchovya mkate. Ameambiwa ni maziwa ya ng'ombe mmoja mzuri sana anayefugwa na rafiki wa mjomba, na huuliza mara kwa mara atapelekwa lini kumwona.

Siku za mvua zilipoanza, wifi alifika mlangoni mchana mmoja amelowa chapachapa, kiatu kimoja kimekatika. Fundi alikuwa akinyonyesha. Hawakuwa wamezungumza tangu kile kikao.

"Wifi, mtoto hajarudi," alisema. "Shule hayupo, kwa jirani hayupo. Hebu niangalizie."

Fundi alijitazama kifuani. Titi la kulia halikuelekea shule wala nyuma ya soko. Lilielekea upande ambao halikuwahi kuelekea, kati ya kabati na picha ya ukutani. Halikuwa limetoa maziwa, kwa hiyo mtoto hakuwa analia. Wifi alisubiri akitiririka maji sakafuni. Fundi alifikiri kusema hajui. Alilifikiri jambo hilo vizuri, akaliona lote, wifi akizunguka mitaa mpaka giza, akigonga milango kama yeye alivyogonga. Kisha akafikiri juu ya mvua, na juu ya Bibie ndani ya mvua hiyo.

Alijifunika kitenge, akamweka mwanawe kushoto, akatoka. Wifi alimfuata nyuma. Walipofika njia panda titi lilisita, likachagua mtaa wa maseremala. Watu waliojikinga barazani waliwapisha, na mmoja alimnyooshea Fundi mahali pa kuvukia mtaro.

Bibie alikuwa kwenye karakana ya mwisho, ameketi juu ya mbao, akimwangalia seremala akipiga randa. Mvua ilimkuta njiani akaona aingie. Alikuwa amejaza taka za randa kwenye mfuko wa shule na alikuwa akimuuliza seremala kama ameshakula.

Aliwaona wanawake wawili mlangoni, akaruka chini. Titi lilimwelekea akija, likamfuata akipita ubavuni mwa Fundi, likazunguka naye hadi mgongoni, mahali ambapo alikuwa amekumbatia miguu ya wifi.

"Mama, nilikuwa hapa tu."

Wifi alimshika kichwa akakibana tumboni. Alipopata pumzi alimwambia amshukuru anti.

"Ahsante anti," alisema Bibie.

"Karibu," alisema Fundi. Gauni lilikuwa limeanza kulowa, na halikuwa limelowa kwa mvua.

Waliondoka wameshikana mikono, mtoto akirukaruka madimbwi, wifi akichechemea kwa kiatu kilichokatika. Seremala alirudi kwenye randa yake.

Tangu siku hiyo wifi hana wasiwasi tena. Bibie akichelewa, au akitaka tu kujua kama ameshatoka shule, hahangaiki kwenda mwenyewe, hupiga simu. Fundi husimamisha cherehani, hujitazama kifuani, humwambia alipo.